Kisima Kimoja, Vilima Vitatu

Nisikilizeni, kisha mniamulie, maana mimi nimeshindwa. Nimezunguka migodi ya nchi nne nikarudi bila hata kipini cha puani, lakini hili limenielemea kuliko umaskini.

Kijijini kwetu wapo watu watatu. Wegesa, mjane mfugaji, ana macho. Kisiri, mchimbaji, ana mgongo. Robhi, binti anayefanya kazi maabara ya mjini, ana subira.

Wegesa aliona mawe ya mtoni yakigeuka rangi ya kutu, pale chini ya lundo la marudio, ule mchanga wa mgodi uliokwisha kukamuliwa dhahabu. "Mto unaumwa," akasema. Tukamcheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Kisiri hakucheka. Alipanda lundo akachimba shimo la kumfika kifuani, kwa kuwa mchanga wa juu umeoshwa na mvua na hausemi kweli. Akabeba gunia la mchanga wa chini siku mbili hadi mjini.

Robhi aliutia mchanga kwenye chombo. Kila Ijumaa aliumwagia maji, akayakinga chini, akayapima. Wiki kumi na mbili, maji mazuri. Muda wa kipimo ukaisha. Mimi, karani wa kamati ya maji, nikaandika kwa mwandiko wangu wa kujivunia: mto ni salama. Watu wakaendelea kuchota bila hofu.

Robhi akaendelea peke yake, maana mchanga wa migodi huweza kuwa na chokaa inayoficha tindikali mpaka chokaa iishe. Wiki ya kumi na tisa, maji yakatoka makali kama siki. Alipotufikia, ng'ombe sita wa Wegesa walikwisha kufa. Tukapiga marufuku kuchota mtoni siku ileile, watoto wakanusurika.

Mgodi umetoa kisima kimoja. Kijiji kikasema kichimbwe nyumbani kwa aliyewaokoa watoto. Nao wanakaa vilima vitatu, mbalimbali.

"Bila macho yangu mngekuwa mnakunywa hadi leo," alisema Wegesa.

"Shemeji, bila gunia langu tungekuwa tunakucheka hadi leo," alijibu Kisiri.

"Kaka, gunia lako lilikuwa mchanga tu," alisema Robhi. "Ijumaa kumi na tisa alilishughulikia nani?"

Mimi wamenikataza kupiga kura, na wana haki. Mashine ya kuchimbia imefika njia panda, na dereva anauliza apandishe kilima kipi. Je, ninyi mngemwelekeza kwa nani?