Kikapu cha Konokono

Paukwa!

Pakawa!

Aa, huko nyuma sijawasikia. Wewe unayetafuna, meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo ndiyo pakawa ya walioshiba. Kaeni.

Hapo zamani za kale, siku ile ya kugawana vikapu, waliokuwepo ni hawa. Mama Kanga, aliyegawa kazi. Ndovu, mja mzito. Nguchiro, mwenye maneno mengi. Panya Buku na wanawe sita. Kuchakulo, yaani kindi, mwepesi kuliko wote. Na Konokono. Konokono alikuwepo tangu jana yake, maana alijijua, akaanza safari mapema.

Jua lilikuwa limewaka miaka miwili. Maboga yalikufa yote. Zilibaki mbegu kavu, lundo zima, na fukusi alikuwa amezila kwa ndani.

Mama Kanga akasema, "Jamani, humu lazima imo mbegu nzima. Hata moja. Tukiipata kabla ya mvua, tutapanda, watoto watakula. Mvua ikizikuta hapa juu, zitaoza zote. Ujira hakuna. Anayetaka kusaidia achukue kikapu, akague mbegu mojamoja."

Wakachukua. Kila mmoja akaweka alama yake. Kuchakulo aliweka unywele wa mkia. Ndovu aliweka vumbi la mguu. Konokono alipita juu ya mkono wa kikapu, akaacha mstari wa ute unaong'aa, mwaaa!

"Kila asubuhi mtaweka alama upya," akasema Mama Kanga. "Tukiiona, tutajua bado upo. Zikipita siku tatu hakuna alama mpya, kikapu ni cha yeyote."

Kazi ikaanza.

Kuchakulo alishika mbegu, akaitikisa sikioni. Kocho! Imeliwa. Tupa. Kocho! Tupa. Kocho, kocho, kocho! Asubuhi moja, kikapu kimekwisha. Akachukua cha pili. Kimekwisha. Cha tatu, cha nne, cha tano.

Konokono alipanda juu ya mbegu. Akaipapasa kwa tumbo, polepole, akitafuta tundu la fukusi. Akaigeuza. Akaipapasa upande wa pili. Akashuka. Mbegu aliyoikagua akaiweka kushoto mwa kikapu. Ambayo bado, kulia. Siku kumi na nane, kikapu kimefika nusu. Lakini kila asubuhi, mwaaa! Alama mpya.

Kuchakulo alikuwa akipita hapo. Akitazama anawashwa. Anawashwa vidoleni, anawashwa mkiani. Akajisemea, "Maskini dada wa watu. Nusu tu imebaki. Hii mimi naimaliza jua halijasogea."

Adhuhuri moja Konokono aliingia ndani ya gamba lake kukwepa joto. Kuchakulo akanyata. Akamwaga kikapu, pwaa! Za kushoto na za kulia zikachanganyika. Kocho, kocho, kocho! Zote mbovu. Akazirudisha kikapuni, akakimbia nacho hadi kwa Mama Kanga, mkia juu.

"Mama, nimemsaidia Konokono! Kikapu chake kimekwisha!"

Mama Kanga akamtazama kwa jicho moja. Kisha kwa jicho la pili.

"Alikutuma?"

"Hapana, mama."

"Ulimuuliza?"

"Alikuwa amelala."

"Alama yake ilikuwa ya lini?"

Kuchakulo akajikuna shingo. "Ya leo asubuhi."

Nguchiro akacheka mpaka akakaa chini. "Shoga, kesho njoo kwangu. Mimi hutafuna polepole. Unilie chakula changu!"

Panya Buku akasema, "Na wanangu huoga kwa kuchelewa. Uje uwaogee."

Ndovu naye akavuta pumzi, fuuu! "Mimba yangu ina miezi kumi na mitatu. Bado tisa. Njoo unimalizie, mwenzangu, mgongo unaniuma."

Wote wakacheka. Kuchakulo alicheka pia, kidogo, huku masikio yakiwaka moto.

Hapo Konokono akafika. Alikuwa ameamka, akakosa kikapu, akafuata nyayo. Akaona mbegu zake zimechanganyika. Pembe zake zikaingia ndani.

Kicheko kikakatika.

"Dada, nilitaka upumzike," akasema Kuchakulo.

"Sikuchoka," akasema Konokono. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nikilala najua kesho ninafanya nini. Ungeniuliza, ningekupa nusu."

Kuchakulo aliona ni heri angetukanwa.

Mama Kanga akamvuta pembeni. "Tazama kule, mwanangu. Unaona nini?"

"Vikapu vitatu."

"Vina alama?"

"Havina."

"Siku zote hizi vinangoja mikono kama yako. Kwa nini ukachukua chenye mwenyewe?"

Kuchakulo akainama. Akasema kweli. "Kwa sababu kilikuwa karibu kwisha, mama. Kumaliza ni kutamu."

"Najua," akasema Mama Kanga, akamfuta vumbi puani kwa bawa.

Mbinguni kukanguruma. Gururu!

Kuchakulo akarudi kwa Konokono. "Dada, nisamehe. Nikubebee kikapu hadi kwako? Kubeba tu. Sigusi mbegu."

Pembe moja ikatoka. Kisha ya pili. "Kubeba, sawa. Nitaanza upya."

Akambebea. Kisha akakimbilia vile vikapu vitatu. Akachukua kimoja, akaweka unywele wake. Panya Buku na wanawe wakachukua cha pili. Cha tatu kikabaki. Wote wakamgeukia Nguchiro.

"Mbona mnaniangalia mimi?" akasema Nguchiro. Lakini akakichukua.

Gururu! Kocho, kocho! Gururu! Kocho, kocho! Tone la kwanza likaanguka, to! Nguchiro akapiga kelele, "Hii haisemi! Jamani, hii haisemi kitu!" Mama Kanga akaichukua, akaigeuza, akaigonga kwa mdomo. Ngumu. Nzito. Nzima. Wakaifukia palepale, mvua ikashuka, shaaa!

Wakaimba, wakacheza kwenye matope. Konokono peke yake hakucheza. Alikuwa juu ya mbegu, anapapasa.

"Dada," akasema Kuchakulo, "si imeshapatikana?"

"Hiki ni changu. Nisipokimaliza, nani atajua kama humu hamna nyingine?"

Kuchakulo akawashwa vidole. Akaviminya kwapani. Kisha akatafuta gome pana la mti, akalishika juu ya Konokono na kikapu chake, mvua isiwaloweshe. Hakugusa mbegu hata moja.

Basi wanangu, na nyinyi mama zao mnaojifanya hamsikii: mwenzako akishika kazi yake, mwachie hata akienda polepole. Ukiona amechelewa, muulize kwanza. Ukiwa na nguvu za ziada, zipeleke penye kazi isiyo na mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, mbegu ilipofukiwa. Konokono alimaliza kikapu siku thelathini na sita baadaye. Hakikuwa na mbegu nzima hata moja.