Redio Dirishani na Mtoto Asiye na Jina

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni ile zamani ya juzijuzi ambapo redio zilikula betri na betri zikianikwa juani zipate nguvu, alikuwepo mwanamke mmoja pale Muheza, jina lake Mwantumu. Mumewe, Singano, alifanya kazi kiwandani, mbali, akija nyumbani mara moja moja. Watoto wao walikuwa wanne: Mwanaidi wa miaka kumi na minne, Mhando wa kumi, Tabia wa saba, na Kombo wa mitatu. Wa tano alikuwa tumboni.

Huyo wa tano ndiye aliyeleta yote haya. Kabla yake Mwantumu alikuwa amepoteza mimba mbili, moja baada ya nyingine, na hii ilipoingia mwezi wa nane akaona damu. Mkunga akaja, akampapasa, akanawa mikono, akasema: "Mwantumu, mtoto huyu ameshikiliwa na kitanda. Ukilala, yupo. Ukiinuka, mimi simo. Mwezi mzima usiinuke ila kwa haja."

Mwantumu akalala. Kesho yake shule zikafungwa.

Waliolea wanajua likizo ni nini. Nyumba yenye mtoto mmoja ina kelele moja. Nyumba yenye wanne wa umri mbalimbali ina kelele nne zisizopatana. Mhando alitaka mpira. Tabia alitaka kupikapika mchanga kwenye vifuu, na alitaka wateja. Kombo alitaka mama, basi. Mwanaidi alitaka kuachwa peke yake, na hilo hakuna aliyempa. Ukimpa Mhando mpira, Tabia analilia zamu. Ukimpa Tabia zamu, Mhando ananuna. Na Kombo analia vyovyote iwavyo. Siku ya kwanza Mwantumu aliinuka mara nne. Siku ya pili aliinuka mara mbili, na mara ya pili akaiona damu tena. Akarudi kitandani, akajifunika kanga usoni, akalia bila kutoa sauti.

Wa kwanza kuja alikuwa wifi yake, Mashavu, dada wa Singano. Mashavu alikuwa fundi cherehani, na likizo ndiyo msimu wake, kwa kuwa ndipo wazazi hushonesha sare. Aliwaambia wateja wake waende kwa fundi mwingine, akafunga kibanda, akaja na cherehani kichwani.

"Nipe kanga zako," akasema.

"Zipi?"

"Hizo ulizolalia. Usizifue."

Akajifunga kanga za Mwantumu, zenye harufu ya Mwantumu, akambeba Kombo. Sasa Kombo alikuwa na desturi yake: hapati usingizi mpaka ashike sikio la mama yake alisokote, alisokote, mpaka alale. Mashavu akampa sikio lake. Kutwa mara mbili na jioni mara moja, Kombo alilisokota sikio la shangazi yake mpaka likavimba, na Mashavu akawa anavaa hereni upande mmoja tu. Mwantumu alikuwa akiisikia cherehani barazani, ikinyamaza kila Kombo anaposinzia na kuanza tena taratibu. Akafurahi mpaka machozi yakamtoka. Akamwita Mashavu, akamshika mkono.

"Wifi, mtoto huyu akizaliwa salama, jina utatoa wewe."

Mashavu alikuwa ameolewa mara mbili na hakupata mtoto. Alirudi barazani, na cherehani ikachukua muda mrefu kuanza.

Na Mwantumu akalala.

Lakini walibaki Mhando na Tabia, na mpira wao ulikuwa ukigonga ukuta wa chumba cha mgonjwa, ndu, ndu, ndu. Siku moja ukagonga, ukaruka ua, ukaangukia kwa Bi Nyamvua.

Huyu Bi Nyamvua alikuwa jirani, mwanamke mtu mzima anayeishi peke yake, na watoto wa mtaa mzima walimwogopa. Mpira ukiingia uani kwake haurudi. Aliufagia ua wake asubuhi na jioni, alipanda mchicha kwa mistari iliyonyooka, na alipenda kimya kuliko chakula. Mhando na Tabia walijificha nyuma ya jiko wakingoja matusi. Badala yake Bi Nyamvua alikuja mwenyewe mpaka dirishani kwa Mwantumu.

"Mwanangu, mkunga ameniambia. Wale wawili nipe mimi."

"Bi Nyamvua, watakuharibia mchicha."

"Mchicha utaota."

Akafungua stoo yake. Mlikuwa na mipira kumi na mmoja, ya makaratasi, ya matambara, na mmoja wa ngozi uliokwisha pumzi, yote iliyopotea tangu miaka hiyo. Akawaita watoto wa mtaa, wakaja kwa woga kama wanaoitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, akawagawa timu mbili. Akaketi kwenye kiti cha uvivu na filimbi mdomoni, akawa refa. Alikuwa refa mkali. Siku ya tatu alimtoa Mhando nje kwa kubishana naye. Mchicha uliisha wote. Kelele zilihamia kwa Bi Nyamvua na ukuta wa Mwantumu ukapumzika.

Mwantumu akamtumia salamu aje. Akamwambia: "Mama, sina cha kukulipa. Mtoto huyu akizaliwa salama, jina utatoa wewe."

Mnaona alichokifanya? Hakuwa mwongo, la. Mtu aliyelala kitandani na hofu, akitendewa wema, mdomo wake hauna breki. Kila shukrani ilipompanda, ilitoka na ahadi ileile, kwa sababu hakuwa na ahadi nyingine kubwa zaidi ya kutoa.

Na Mwantumu akalala.

Ikabaki alasiri. Alasiri Mashavu anachoka, Bi Nyamvua anafunga uwanja wake aswali na kujinyoosha, na wale wawili wanarudi nyumbani wamejaa vumbi na ugomvi. Mchezo wa Mhando unamchosha Tabia, mchezo wa Tabia unamchekesha Mhando, na Kombo anavunja yote miwili. Hapo ndipo Mwanaidi alipotoka chumbani na mkebe mtupu wa maziwa ya unga.

"Leo tunafungua redio," akasema. "Redio Dirishani. Msikilizaji wetu ni mmoja, naye amelala humo ndani. Sheria ni moja: habari za kweli tu."

Mhando akapewa michezo, atangaze mechi ya siku hiyo kwa Bi Nyamvua. Tabia akapewa salamu za wasikilizaji na vitu vilivyopotea. Kombo akawa saa: alisimama mbele ya mkebe akasema pip, pip, pip, kisha akapigiwa makofi. Jambo la ajabu ni kwamba redio ile ya nusu saa iliwashughulisha kutwa nzima. Tangu asubuhi Tabia alizunguka akiuliza nani kapoteza nini. Mhando aliandika majina ya wafungaji kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Hata Kombo alifanya mazoezi. Ugomvi ulipungua, kwa kuwa anayegombana hatangazi.

Mwantumu, aliyekuwa akihesabu mabati ya paa kwa huzuni, alianza kuingoja alasiri. Alicheka, akashika tumbo akicheka. Ndipo siku moja Tabia akatangaza kwenye salamu kwamba bibi yao wa Lushoto ameandika barua, anamsalimu Mwanaidi na anauliza kwa nini likizo hii hakwenda. Hapo Mwantumu akaelewa. Kila likizo Mwanaidi huenda kwa bibi yake, na huihesabia siku. Safari hii alikuwa amemwandikia bibi kimyakimya kwamba haji, bila kumwambia mtu.

Usiku huo alipomletea uji, mama yake akamwambia: "Mwanangu, mtoto huyu akizaliwa salama, jina utatoa wewe."

Ahadi ya tatu hiyo.

Sasa ikafika siku waliyoiogopa wote. Mchana wa jua kali Mashavu alimshika Kombo, sikio likasokotwa, na aliyesinzia akawa Mashavu. Alipofumbua macho Kombo hayupo. Wakamtafuta barazani, chooni, kisimani. Kisima kilikuwa na kifuniko. Mwanaidi akakimbilia barabarani. Walikubaliana jambo moja tu: Mwantumu asijue. Lakini Tabia hakuambiwa kwamba ni siri. Ilipofika alasiri akauona mkebe umekaa bure na msikilizaji anangoja, akasimama dirishani, akasoma kwa sauti nzuri:

"Vitu vilivyopotea. Amepotea Kombo Singano, umri miaka mitatu, amevaa shati bila suruali. Hajaonekana tangu adhuhuri. Atakayemwona amlete kwa shangazi yake, ambaye analia nyuma ya jiko."

Mwantumu akatupa kanga. Mguu mmoja ukagusa sakafu.

Mwanaidi alikuwa anarudi akakuta maneno ya mwisho yanatoka. Akampokonya Tabia mkebe.

"Hapa ni Redio Dirishani," akasema. "Msikilizaji wetu, tunakuomba ubaki kitandani. Kombo anatafutwa na watu wenye miguu. Wewe mshike huyo uliye naye." Kisha hakunyamaza. Alitangaza kila kitu alichokiona: Mhando yuko juu ya mfenesi anaangalia, shangazi yuko kwa muuza machungwa, Bi Nyamvua anafungua stoo. Mwantumu alikaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja chini, mmoja juu, akisikiliza. Halafu akaunyanyua ule wa chini, akalala, mikono miwili tumboni.

Bi Nyamvua alikuwa amesikia mpira ukigonga mlango kwa ndani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga stoo ile adhuhuri bila kuangalia ndani. Akafungua, akamkuta Kombo ametota jasho na machozi juu ya mipira kumi na mmoja. Akambeba mbio, kwa umri wake ule, akampitisha dirishani. Na mkono mdogo ukaenda moja kwa moja kwenye sikio la mama.

Shule zikafunguliwa Jumatatu. Mwantumu akajifungua Jumatano, mtoto wa kike, na kelele yake ilizishinda zile nne.

Siku ya saba, desturi ya kwao, mtoto hunyolewa nywele na baba hulitaja jina sikioni mwake, mara moja tu. Singano alikuwa amerudi. Maji yakawa tayari, wembe tayari, mtoto kwenye pakacha la nguo. Singano akauliza, "Mama Mwanaidi, jina?" Watu watatu wakasimama kwa pamoja, wakatazamana.

Mashavu akasema: "Uliniahidi mimi, wifi. Msimu wangu mzima nimeuacha, na sikio langu hili halitarudi lilivyokuwa. Aitwe Mashavu, jina langu lipate pa kukaa."

Bi Nyamvua akasema: "Uliniahidi mimi, mwanangu. Nilikuwa na kimya changu nikakitoa. Kombo nilimpata mimi. Nilikuwa na binti, akiitwa Zaituni, alipenda mpira. Aitwe huyo."

Mwanaidi akasema: "Uliniahidi mimi, mama. Hawa ni watu wazima, mimi nilikuwa mtoto kama wale wengine, na likizo ilikuwa yangu pia. Wewe ulibaki kitandani kwa sauti yangu. Aitwe Chausiku, jina la bibi."

"Na nani alisinzia?" akauliza Bi Nyamvua.

"Na nani alimfungia stoo?" akauliza Mashavu.

"Na redio ya nani ilitangaza?" akauliza Mhando, ambaye hakuulizwa.

Wakacheka wote, kisha kicheko kikaisha. Msiniambie mtoto apewe majina matatu. Singano mwenyewe alikwisha sema: sikio ni moja, na jina ni moja, na maji yanapoa.

Mwantumu akainuka. Alikwenda dirishani kwa miguu yake, hakuna aliyemzuia, akauchukua mkebe uliokuwa bado pale.

"Hapa ni Redio Dirishani," akasema. "Salamu zimfikie Mashavu na sikio lake. Zimfikie Bi Nyamvua na mchicha wake. Zimfikie Mwanaidi na Lushoto yake. Ujumbe ni kwamba mtoto yupo. Yupo, na bila ninyi asingekuwepo, na sitawalipa mpaka nife. Na sasa, jina la mtoto limetolewa na..."

Hapo akanyamaza. Kombo akadhani ni zamu yake, akasema pip, pip, pip. Singano ameinamia sikio la mtoto anangoja, mkebe uko mdomoni mwa Mwantumu, na watu watatu wamezuia pumzi. Nami nimewafikisha mpaka hapo dirishani. Semeni ninyi mliosikiliza: je, nani alistahili?