Masikio ya Mwenye Studio

Nina studio Msamvu, na masikio yangu nilikuwa nikiyasifu mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejitolea.

Siku hiyo Semeni, mpiga besi, alikuja kurekodi na boksi lake la kuunganishia gitaa kwenye mitambo, la bei ya chee.

"Takataka hiyo haiingii hapa," nikamwambia. "Kodi boksi langu la Ulaya, au rudi nyumbani."

"Kwani bosi utaweza kuyatofautisha?"

"Hata nikifumba macho!"

"Basi fumba. Sauti utakayoichagua, tutarekodia boksi lililoitoa. Likiwa lako, nalikodi."

Nikafumba papo hapo. Akapiga. Besi ikatoka nene, tamu.

"Na hii je?"

Akapiga tena. Ikakwaruza kama bati.

"Ile ya kwanza!" nikapaza sauti. "Hilo ndilo langu, nalijua kama mwanangu!"

Nilipofumbua macho, waya wa gitaa ulikuwa kwenye boksi lake.

"Umeyabadilisha!"

"Nimebadilisha vidole tu, bosi. Kwanza nilipiga kwa nyama ya kidole, halafu kwa kucha."

"Na langu umelificha wapi?"

"Si liko kabatini, ulikolifungia?"

Nikapapasa mfukoni. Ufunguo wa kabati ulikuwemo.