Wiki Moja ya Julai

Kitu chenye thamani hakihitaji kupigiwa tarumbeta. Watu hukifuata wenyewe, kama nyuki wanavyolifuata ua lililojificha nyuma ya ukuta. Kile chenye walakini ndicho kinachozunguka mitaani kikijisifu, kikiwakonyeza wapita njia na kuwavuta mikono ya mashati. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengi wetu tukiisikia methali hii huwafikiria wachuuzi na bidhaa zao. Yaliyompata Orrin Haskamp yanaonyesha kwamba methali hii huingia hata ndani ya nyumba, mpaka kati ya baba na mwanawe.

Orrin alikuwa mzee wa miaka sabini kasoro, mkazi wa mji mdogo wa Ohio uliozungukwa na mashamba ya mahindi pande zote. Alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha majokofu. Mkewe, Dell, alikuwa amefariki dunia katika majira ya baridi, miaka miwili kabla ya haya, na tangu siku hiyo nyumba ikawa kubwa ghafla, kana kwamba kuta zilikuwa zimerudi nyuma usiku mmoja. Orrin aliwasha televisheni kila asubuhi, si kwa kuitazama, bali apate kusikia sauti ya binadamu. Alichemsha kahawa ya watu wawili, akanywa nusu, akaimwaga nusu.

Walijaaliwa watoto wawili. Noreen, kitinda mimba, alikuwa muuguzi huko Columbus, na hakukosa kuja kumwona baba yake kila alipopata mapumziko. Kent, kifungua mimba, alikuwa seremala katika jimbo la Oregon, upande wa pili wa nchi, akiishi huko na wanawe pacha. Tangu mazishi ya mama yake, Kent hakuwa amerudi. Hawakugombana. Laiti wangegombana! Orrin angejua pa kuanzia kuomba radhi. Simu zao zilikuwa fupi na za adabu, kama za watu waliokutana katika foleni ya benki.

Mzee huyu alikuwa na kumbukumbu moja aliyoipapasa kila siku. Zamani, watoto walipokuwa wadogo, yeye na Dell waliwapakia garini wakaenda nao Florida, kwenye bustani kubwa ya michezo yenye kasri, mabembea marefu na vigari vya reli vinavyopinduka juu chini. Usiku wa mwisho, Kent akiwa amelala begani mwake, Orrin aliahidi, "Tutarudi kila mwaka." Hawakurudi. Kiwanda kilipunguza watu, paa likaanza kuvuja, meno ya Noreen yakahitaji kufungwa nyaya, na ile ahadi ikafa kifo cha taratibu, kifo kisicho na matanga. Moyoni mwake Orrin aliamini kwamba lau angeitimiza, wanawe wasingetawanyika.

Basi majira ya kuchipua ya mwaka wa pili yalipofika, alimchukua Noreen na mjukuu wake Pippa, binti wa Noreen, wakaenda Florida. Kent naye alialikwa, tiketi ya ndege ikiwa juu ya baba. Akajibu kwamba kazi zimembana.

Walipoingia tu hotelini, kijana mmoja mwenye shati la maua aliwakaribia akitabasamu kwa meno yote.

"Mzee, karibu sana! Umeshachukua tiketi zako za bure za bustani?"

"Baba, usimtazame machoni," Noreen alinong'ona. "Ukimtazama tu, tumekwisha."

Orrin alikuwa ameshamtazama.

Asubuhi iliyofuata wakajikuta katika ukumbi wenye baridi ya kiyoyozi, mbele yao pankeki, soseji na juisi ya machungwa, vyote bure. Kilichotakiwa, ili wapewe zile tiketi, ni kusikiliza tu. Kampuni iliuza nyumba za likizo kando ya bustani, lakini haikuuza nyumba nzima. Mtu alilipa fedha nyingi mara moja, kisha ada kila mwaka maisha yake yote, na nyumba ikawa yake kwa wiki moja kwa mwaka. Wiki zilizosalia zilikuwa za wenzake asiowajua. Kila familia ilipotia saini, kengele iligongwa, na ukumbi mzima ukapiga makofi kama harusini.

Aliyewahudumia alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Shawna Pruitt. Sauti yake ilikuwa laini kama pamba, na wala hakuanza na habari za nyumba.

"Bwana Orrin," alisema, "kama meza hii ingekuwa na kiti kimoja zaidi, ungemkalisha nani?"

"Kent. Mwanangu."

"Na kama vingekuwa viwili?"

Orrin aliigusa pete yake ya ndoa, machozi yakamlenga. Noreen aliinamia sahani yake. Shawna akamsogezea mzee boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Boksi kama hilo lilikuwa juu ya kila meza, lakini Orrin hakuliona hilo. Noreen aliliona.

Kisha wakapelekwa kutazama nyumba ya mfano. Hapo ndipo Orrin alipotekwa. Palikuwa na meza ndefu ya watu wanane. Palikuwa na vitanda vya ghorofa katika chumba cha watoto, na barazani mtu aliweza kuona kilele cha kasri na kusikia mayowe ya furaha kutoka kwenye vigari vya reli. Orrin alikishika kiti cha kichwani mwa meza. Aliwaona pacha wakigombea kitanda cha juu. Alimwona Kent akikata tikiti maji. Alimwona Dell akipita na kitambaa cha vyombo begani, akiwa hai, akilalamika kwamba hakuna anayemsaidia. Wiki moja tu ya Julai, pacha wakiwa likizoni! Je, ni mengi hayo kwa mtu kuyatamani?

"Naitaka," alisema.

Noreen alimvuta jikoni. "Baba, hebu subiri. Unanunua nyumba, au unatununua sisi?"

"Nanunua mahali pa kukutania. Mama yako angependa."

"Mama? Mama alichukia joto la huku kuliko kitu chochote! Tulipokuja, nusu ya siku alikaa chooni kwa sababu ndiko kulikokuwa na kiyoyozi. Umesahau?"

Orrin alicheka bila kutaka, kisha akakunja uso. "Unanicheka. Wewe una mtoto wako anakungoja nyumbani kila jioni. Mimi nangojwa na nani?"

Noreen alimshika baba yake mkono, akasema polepole, "Basi mpigie Kent kabla hujatia saini. Maana unamnunulia yeye."

Orrin alitoka hadi barazani akapiga. Kule Oregon kulikuwa bado alfajiri, lakini Kent alikuwa ameshafika kazini. Msumeno ulisikika ukilia, kisha ukazimwa.

"Baba? Kuna nini? Mnaumwa?"

"Hatuumwi, sikiliza! Nimepata nyumba hapa bustanini. Kila Julai, wiki nzima, yetu. Kuna vitanda vya ghorofa kwa ajili ya pacha. Nauli nitalipa mimi. Chakula mimi. Nyinyi mje tu. Unasemaje?"

Kent alisogea kando, mbali na wenzake.

"Baba, naomba usikasirike," alisema. "Mwaka jana ulinipigia kunipa gari lako la zamani. Kabla ya hapo zilikuwa tiketi za besiboli. Krismasi, nauli ya ndege. Kila ukipiga, unaniuzia kitu. Nikikataa, naonekana mbaya. Nikikubali, sijui nimelipia nini. Basi naiona namba yako na moyo unaniruka."

"Mimi nataka mje tu."

"Hujawahi kusema hivyo. Unasema kuna vitanda vya ghorofa."

Msumeno uliwaka tena nyuma yake. Mtu alikuwa akimwita. Kent akaaga, simu ikakatika. Orrin alibaki ameuegemea ukingo wa baraza. Kule mbali watu walipiga mayowe, vigari vikiporomoka.

Aliporudi ndani, Shawna alikuwa ameshaweka kalamu mezani.

"Samahani, mama," Orrin alisema. "Sitanunua."

Maneno hayo yalikuwa kama kuchokoza mzinga. Shawna alimwita meneja, bwana mnene mwenye saa inayong'aa. Bei ikashuka pale pale. Orrin akatikisa kichwa, ikashuka tena. Zikaongezwa tiketi, likaongezwa sanduku la safari, ikaongezwa chakula cha jioni cha watu wanne.

"Bei hii ni ya leo tu, mzee. Ukitoka mlangoni, imekufa."

"Nikuulize kitu," Noreen alisema. "Kama nyumba hii ni nzuri hivyo, mbona ilibidi mtulishe pankeki ndipo tuje kuiona?"

Meneja alicheka kicheko kikavu. Walipoinuka, aliwafuata ukumbini. Labda nyumba ndogo zaidi? Labda wiki moja kila miaka miwili? Aliwafuata hadi kwenye ngazi, na hadi kwenye maegesho, akitoka jasho ndani ya suti yake, mkononi bei mpya iliyoandikwa haraka haraka. Orrin alimtazama mtu yule akiwakimbilia kati ya magari na, badala ya kumkasirikia, alishikwa na huzuni ya ajabu. Alijiona mwenyewe. Na yeye alikuwa amemfuata mwanawe namna ile ile, kila simu na punguzo jipya, kila simu na zawadi juu yake, mpaka upendo wake ukaanza kunuka kama mali isiyotakiwa.

Mchana ule, Noreen na Pippa wakiwa katika foleni ya vigari, Orrin aliketi benchini karibu na muuza aiskrimu, akapiga tena. Kwa mara ya kwanza hakuwa na chochote cha kutoa, na alijihisi uchi kama mtu aliyetoka bila shati.

"Kent, sina kitu cha kukupa. Nyumba nimeikataa. Nimepiga kwa sababu nimekukumbuka. Basi, ni hilo tu. Nimekukumbuka, na mama yako namkumbuka, na kule nyumbani kumenishinda."

Kule Oregon msumeno ulizimwa.

"Na mimi namkumbuka," Kent alisema. "Nikija, nitaingia jikoni nisimkute. Ndiyo maana siji, Baba. Si wewe."

Walilia wote wawili, mmoja chini ya jua la Florida, mwingine kati ya mbao za Oregon, na watu waliokuwa wakipita na kofia za masikio ya bandia zinazouzwa bustanini wakampisha mzee yule kwa heshima.

Hakuna muujiza uliofuata. Orrin alirudi Ohio kwenye nyumba ile ile na ukimya ule ule. Kilichobadilika ni Jumapili. Kila wiki alimpigia Kent simu, akazungumza habari za goti lake, za nyanya zilizogoma kuiva, za jirani aliyegonga sanduku la barua kwa trekta. Kent naye akaanza kujibu kwa habari zake, halafu akaanza kupiga yeye. Mara nyingi ulimi wa Orrin ulimwasha kusema, "Njooni, nitalipa nauli." Aliung'ata. Julai ikaja, ikapita bila mgeni, na hamu ikamtafuna kama mchwa. Siku nyingine alijilaumu: pengine angeinunua ile nyumba yenye meza ya watu wanane, wangekuja.

Agosti, siku moja mahindi yakiwa yamepita kimo cha mtu, Orrin alikuwa uani akiziba hosi ya kumwagilia maji iliyopasuka aliposikia gari likiingia. Lilikuwa limejaa vumbi na mizoga ya wadudu kwenye kioo. Mlango ukafunguka, wavulana wawili wakatoka mbio wakiuliza choo kiko wapi. Nyuma yao akatoka Kent, ndevu zikiwa na mvi ambazo baba yake hakuwahi kuziona.

"Umeendesha kutoka Oregon mpaka huku?" Orrin aliuliza, hosi ikimlowesha viatu.

"Mgongo wangu unasema ndiyo."

"Mbona hukuniambia? Sina hata vitanda! Jokofuni kuna mayai na haradali tu!"

"Ungejua, ungeninunulia tiketi," Kent alisema, akitabasamu huku machozi yamemjaa machoni. "Hukunialika, mzee wangu. Ndiyo maana nimekuja."

Walikumbatiana pale pale matopeni. Kisha Kent alipanda ngazi za nyuma, akasimama kwenye mlango wa jikoni, asiweze kuingia. Orrin alisimama naye, bega kwa bega, mpaka mwanawe alipovuta pumzi na kuvuka kizingiti. Jikoni hapakuwa na Dell. Palikuwa na jua la alasiri, na sinki, na watu wawili waliompenda. Iliuma kama Kent alivyoogopa. Hata hivyo hakutoka.

Jioni Noreen na Pippa waliwasili kutoka Columbus. Walikaanga yale mayai, wakala wengine wamesimama, wengine wamekaa sakafuni, kwa maana viti havikutosha. Pacha walilala sebuleni juu ya matakia wakipigana mateke. Hakuna aliyegonga kengele, wala hakuna aliyepiga makofi. Na walipoondoka, Kent aliuliza mwenyewe, bila kushawishiwa na mtu, kama angeweza kuja tena wakati wa mavuno.

Ama kweli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.