Vikwaru vya Faki

Nikikaa tu kunyoosha miguu, mmoja wenu ana swali. Juzi mlitaka kujua popo amekosa nini hata alale kichwa chini, leo ni ile miiba miguuni mwa jogoo. Nyumba nzima hakuna wa kuchambua mchele, lakini wa kuuliza wamejaa. Na hii si hadithi ya kuchekesha. Anayetaka kucheka aende nje akamtazame mbuzi. Waliobaki wanyamaze, nami nitaisema mara moja, kama nilivyoisikia kwa bibi yangu, ambaye naye hakupenda kuulizwa.

Basi hapo kale, kabla jogoo hajawa mtu wa uani, miguu yake ilikuwa laini kwa nyuma kama ya tetea. Majogoo waliishi kundi moja vichakani nje ya mji, wadogo kwa wakubwa. Walikula pamoja, wakioga mavumbi pamoja, na jioni wakalala tawi moja, ubavu kwa ubavu, hata mvua ikinyesha wa katikati haloi. Jogoo kupigana na jogoo ilikuwa habari isiyojulikana.

Katika kundi hilo alikuwamo mmoja aitwaye Faki, mwenye kifua kipana na sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Alikuwa na mdogo wake, Kishungi, aliyeitwa hivyo kwa manyoya yaliyomsimama kichwani kama mtu aliyeamshwa ghafla. Mama yao alichukuliwa na mwewe Kishungi akiwa ndio kwanza katoka kwenye yai, na Faki, ambaye mwenyewe hata mkia ulikuwa haujamtoka vizuri, ndiye aliyemlea. Alimchimbulia mchwa. Baridi ikija alimfunika kwa bawa lake. Msidhani alikuwa na wema uliopita kiasi. Hakuwa na mwingine, na yule mdogo hakuwa na mwingine.

Mji wa karibu ulikuwa na diwani wake aliyeutawala, na diwani alikuwa na wapanda farasi waliovaa vikwaru. Kikwaru ni mwiba wa chuma unaofungwa nyuma ya mguu kwa ukanda wa ngozi. Mpandaji akimgusa mnyama ubavuni kwa mwiba huo, mnyama anajua kuwa mgongoni yuko mtu na mtu huyo ana safari. Vya diwani vilipakwa dhahabu, vya wengine vilikuwa chuma kitupu, lakini vyote vilipewa heshima moja. Aliyesikika akija na mlio wa vikwaru alipishwa njia hata na wazee, kwa kuwa yuko kwenye kazi ya mji. Naye akifika mlangoni, uwe mlango wake au wa mwingine, alivivua akavitundika nje. Hakuna aliyekula na chuma mguuni, wala aliyelala nacho. Kukaa mkekani na vikwaru kulikuwa ni kuwaambia wenzako kwamba wao ni punda.

Ikatokea diwani anahitaji mtu wa kupeleka habari miji ya jirani: nani amefariki, nani anaoa, soko limehamia wapi. Alitaka mwenye sauti, akachaguliwa Faki, akapewa Punda wa kumpanda. Lakini Faki alikuwa mwepesi, na Punda hakumhisi mgongoni. Akiona majani anasimama. Akiona kivuli anasimama. Faki anapiga kelele huko juu, Punda anadhani ni masikio yake yanavuma. Habari za harusi zikawa zinafika bibi harusi ana mtoto mgongoni.

Diwani akampeleka Faki kwa Ngwali, mhunzi wa mji, mzee aliyeongea na fuawe lake la kufulia chuma kuliko alivyoongea na watu. Ngwali alicheka kidogo kuona mguu wenyewe ulivyo mwembamba, kisha akafua vikwaru viwili vidogo na kuvitia kanda. Alipokuwa akimfunga alimweleza kwamba ni vya kugusa, si vya kuchoma. Halafu akamtazama.

"Chuma hiki ni cha njiani, Faki. Ukilala nacho kitakuzoea. Kikishakuzoea, mimi sina koleo la kukitoa."

Faki akaitikia ndiyo mzee, kama mnavyoniitikia nyinyi nikisema msichezee moto.

Mwanzoni alishika mila. Akirudi safari alivivua, akavitundika kwenye mti wa mwanzo wa kichaka, akaingia kwa wenzake miguu mitupu. Tatizo lilikuwa huko ndani. Alikuwa akikaa safarini siku nyingi hana wa kuongea naye ila Punda, na Punda hana maongezi. Akirudi anakuta wenzake wanachekea jambo lililotokea yeye hayupo. Akiuliza wanamweleza, naye anacheka amechelewa. Pale kwenye tawi, nafasi yake ilikuwa imekwisha kujazwa. Mtu anamwambia, "We Faki, sogea huko," naye anasogea. Na ni huyuhuyu Faki ambaye mchana ule wazee wenye mvi walimpisha njia wakimwita Bwana Faki.

Basi akaanza kuchelewa kuvivua. Siku moja alikuja navyo hadi chini ya mti. Siku nyingine alikula navyo, akasema amesahau. Wenzake wakamtania, wakamuuliza kama mchwa nao siku hizi hupandwa. Hakucheka. Mwishowe akapanda navyo tawini.

Kulala kwa majogoo ni kubanana, nanyi mnajua aliyelala hawezi kuchunga mguu wake. Asubuhi aliyelala kulia kwake alikuwa na mchubuko pajani, wa kushoto alikuwa na jicho limevimba. Wakamwomba avivue. Akawaambia wamwonee wivu kwa adabu. Wakahamia upande wa pili wa mti, na kulia kwake pakabaki patupu, na kushoto patupu, ila kwa Kishungi peke yake. Yule mdogo alilala pale na manyoya ya ubavuni yakimtoka, akiamka ana alama za damu, akizificha kwa bawa.

Jioni moja, wengine walipokuwa wakigombea nafasi huko upande wa pili na kucheka, Kishungi akamwambia, "Kaka, vua. Hapa hakuna punda."

Faki akawasikiliza wale wanaocheka. Kisha akasema, "Nikivua nani atajua ni mimi?"

"Mimi nitajua."

Lingekuwa jambo dogo kabisa, kanda mbili tu za kufungua. Lakini Faki alikuwa amekwisha kuzoea kujulikana na watu wengi asiowajua, na kujulikana na mmoja anayemjua kukaonekana kwake ni kudogo. Akamwambia Kishungi yeye ni mtoto, hajui mambo ya barabarani, na kama anaumia aende na wenzake. Kishungi hakwenda. Alishuka tawi la chini yake, mahali ambapo mguu haufiki, akalala hapo.

Huku njiani nako Punda alikuwa amechoka. Siku zile za kwanza alikuwa akiguswa akisimama. Baadaye Faki akawa anamchoma hata akienda vizuri, hasa wakipita penye watu, ili chuma kilie na watu wageuke. Mbavu za Punda zikafanya vidonda, inzi wakahamia humo. Asubuhi moja, katikati ya soko, Punda alilala chini akagaagaa mavumbini, na Bwana Faki akaonekana miguu juu mbele ya wauza samaki. Kisha Punda akaenda mwenyewe barazani kwa diwani akaonyesha mbavu zake. Alisema maneno machache, kwamba nikisimama akinichoma naelewa, lakini sasa ananichoma nikienda, basi anataka nifanye nini?

Diwani hakuhitaji ushahidi zaidi. Akaamuru Faki avirudishe vikwaru, na kazi apewe Kishungi, ambaye sauti yake haikuwa mbaya na ambaye hakuna aliyewahi kumlalamikia. Habari ikamfikia Faki kichakani kwa mdomo wa jogoo mmoja aliyefurahi kuileta.

Faki akakaa peke yake juu ya kisiki, manyoya yamemvimba. Hakuwaza kuhusu Punda. Aliwaza kwamba sasa atarudi kuwa wa kuambiwa sogea, na kwamba atakayepishwa njia ni yule mtoto ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemchimbulia mchwa. Kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kuona kwamba Kishungi alikuwa akivitaka tangu zamani, na kwamba lile neno lake la vua, kaka, vua, lilikuwa na sababu yake.

Kesho yake, jua lilikuwa limepanda kidogo Kishungi alipokuja. Alikuja mbio, manyoya ya kichwani yakicheza, akitokea upande wa mjini. Alisema, "Kaka, nimekuja tuvivue," akainama, akapeleka mdomo kwenye ukanda wa mguu wa kushoto.

Faki akaruka. Aliinuka kwa mabawa akapiga kwa miguu yote miwili, na chuma kikaingia chini ya shingo. Hakuna jogoo aliyekuwa amempiga jogoo mwenzake kabla ya hapo, hata Kishungi hakujua kwamba jambo kama hilo linakwepwa. Alisimama kidogo, akamtazama kaka yake kama anayengoja aelezwe. Kisha akakaa, kichwa kikainama, basi.

Faki alimzunguka. Alimwita. Alikwaruakwarua mchanga mbele yake, kama walivyokuwa wakiitana kwenye mchwa, akaudonoa na kuuangusha ili mdogo wake aone kuna chakula. Wengine wakatoka vichakani wakasimama mbali. Ndipo alipoanza kuvuta kanda kwa mdomo ili avivue mbele yao. Hazikufunguka. Ngozi ya ukanda ilikuwa imezama katika ngozi ya mguu, na pale palipokuwa na fundo palikuwa na nyama.

Akaenda kwa Ngwali kwa miguu, njia nzima, na watu wakimpisha, maana walisikia mlio. Mhunzi aliuinua mguu mmoja, akautazama kwenye mwanga wa moto, akaujaribu kwa koleo. Faki alipiga ukelele ambao mji mzima uliusikia. Kile chuma kilikuwa hakina tena ubaridi wa chuma. Kilikuwa na joto la mwili na rangi ya pembe, na kilikuwa kimeshika mfupa.

Ngwali akaweka koleo chini. "Nikivuta nitatoa mguu," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumficha mtu jambo, akamwambia na lililobaki. "Mdogo wako alipita hapa alfajiri. Alitoka kwa diwani, kazi ameikataa. Aliniuliza ukanda unafunguliwaje bila kukuumiza."

Diwani aliposikia alisema hana adhabu ya kuongeza. Wenzake nao hawakumhukumu wala kumtukana, waliondoka tu. Waliingia porini ndani zaidi, wakabadilika hata manyoya, wakawa kanga. Watazameni kanga mpaka leo: miguu yao ni laini kwa nyuma, wanatembea kundi, wanakula kundi, na mmoja akipotea wote wanaita. Faki aliwafuata siku kadhaa kwa mbali. Wakisikia hatua zake wanahama.

Mwishowe akaingia uani kwa watu. Matetea walimpokea, na matetea, mnawajua wenyewe, hawaulizi mtu katoka wapi madhali anaita akiona chakula. Akapata vifaranga. Alikuwa baba mzuri, hilo siwezi kumnyima. Akiona mchwa anaita, anasimama kando wao wale. Katika hao alikuwamo mmoja wa kiume aliyempenda kuliko wote. Alimfundisha kuchimbua, akamlaza karibu naye, mguu ukiwa umekunjwa mbali, na kwa muda Faki aliona kama kwamba amerudishiwa kitu.

Lakini damu yake ilikuwa imekwisha kukijua kile chuma. Yule mtoto alipoanza kujaribu sauti, nyuma ya mguu wake pakatokea kijipu kidogo, kigumu, kama punje ya mtama. Faki alikiona wakati wanakula. Mwili wake uliruka kabla hajaamua chochote. Alimfukuza mwanawe uani, akamfukuza njiani, akamfukuza hadi mwisho wa mashamba, akarudi akihema, akala peke yake. Akaja wa pili, mambo yakawa yaleyale. Akaja mwingine, na mwingine.

Na tangu siku hiyo jogoo ana vikwaru miguuni na hana mnyama wa kumpanda. Hawezi kukaa ua mmoja na jogoo mwenzake, akijaribu wataumizana mpaka mmoja aondoke au afe. Akiwa mdogo miguu yake ni laini na baba yake humwita kwenye chakula, lakini siku kile kijipu kikitokea hana baba tena. Kabla hakujakucha hupanda mahali pa juu akaita, na kutoka ua wa mbali huitikiwa. Anaijua sauti ile ni ya mwanawe yupi. Ataita tena, na ataitikiwa tena, na hakuna atakayevuka njia kwenda kwa mwenzake. Faki ndugu alikuwa naye mmoja, akamuua. Malipo yake ni wanawe wote wa kiume, anawalea kwa mapenzi mpaka wanapofanana naye, kisha anawafukuza kwa miguu yake mwenyewe.