Udongo Ulionyamaza

Hapo zamani, ila si zamani ya babu zetu, watu wa milima ya Usambara walipata dawa mpya ya ukungu wa nyanya. Ilikuwa shaba iliyosagwa laini mno, chembe zake jicho halizioni wala kitambaa hakizichuji. Bi Nasemba ndiye aliyeileta kijijini. Alipiga yeye, majirani wakamwiga, nyanya zikanona.

Msimu wa tatu Bi Nasemba alilima tangu asubuhi hadi jua la utosi, asione nyungunyungu hata mmoja. Akafunga udongo kwenye kanga, akaenda mjini, kwenye maabara alikofanya kazi binti aitwaye Naetwe.

"Mwanangu, shamba langu limenyamaza. Tangu nipige dawa ya shaba, nyungunyungu wametoweka."

"Pole, mama. Lakini nitafutie na udongo usioguswa na dawa hii. Bila huo nitalinganisha na nini?"

Kijiji kizima udongo huo ulipatikana kwa mtu mmoja tu, mzee Kihiyo, ambaye watu walimcheka kwa nyanya zake zilizooza.

Naetwe akajaza udongo wa Kihiyo kwenye makopo. Mengine akayachanganyia dawa, mengine akayaacha. Kila kopo akatia nyungunyungu wakubwa kumi. Siku ya ishirini na nane akawahesabu: wote hai.

"Basi andika dawa ni salama," mkuu wake akasema.

Naetwe akasita. Wakubwa wapo, watoto je? Akawatoa wakubwa, akayaacha mayai yao udongoni, akangoja siku nyingine ishirini na nane. Kwenye udongo safi akahesabu watoto themanini na sita. Kwenye dawa, hata mmoja. Akayaandika yote kwenye karatasi.

"Ukiitoa karatasi hiyo, kazi huna," mkuu akamwambia.

Wiki mbili Naetwe alikaa nayo. Wiki hizo hizo watu wa bonde la chini nao wakaanza kupiga dawa, mashamba yote. Ndipo akaitoa. Akafukuzwa siku ile ile.

Kijiji kikaitupa dawa, kikatenga ng'ombe mtamba mmoja kumtuza aliyewaokoa.

Barazani, Naetwe naye akiwapo, Bi Nasemba akasema, "Nisingefunga udongo ule, nani angejua?"

"Na dawa alituletea nani?" mtu akauliza.

Kihiyo akasimama. "Bila udongo wangu mngepima nini? Misimu mitatu nimekula hasara na kicheko."

"Baba, ulijua kuwa dawa ina madhara?" Naetwe akamuuliza.

"Nitajuaje? Sikuwa na bomba la kupigia."

Watu wakacheka. Naetwe hakucheka. Nyuma ya wote alimwona mkulima wa bonde la chini, kofia mapajani.

"Mimi niliwangoja watoto ambao hawakuzaliwa," akasema taratibu. "Kazi imekwenda, sina pa kushika. Lakini wiki mbili nilijua, nikanyamaza."

Haya, ninyi mnaonisikiliza: kamba ya mtamba iko mkononi mwa mwenyekiti wa kijiji, na watatu wote wanamtazama. Je, amkabidhi nani?