Cheni ya Pikipiki ya Marehemu Wamalwa

Sogezeni vigoda, zimeni simu. Anayejiona hodari wa kuhukumu, leo nimemletea kazi. Asije akanikimbia mwishoni.

Katika kijiji kimoja cha mlimani waliishi majirani watatu. Mama Nafula alikuwa na sikio: neno akilisikia mara moja halimtoki. Barasa alikuwa na jicho, hakuna mwenye duka aliyewahi kumbambikia bidhaa. Lutomia alikuwa na mikono ambayo chuma kiliitii. Na kila mmoja wao alikuwa na marehemu wake asiyetulia.

Mzigo wa hao wote ulimwangukia Naliaka, mke wa mwana mdogo wa Mama Nafula. Mumewe alikuwa kazini mbali. Asubuhi moja ya mvua uchungu ukamshika, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Daraja la kwendea sokoni lilikuwa limesombwa na maji. Zahanati ilikuwa upande wao, lakini juu kabisa mlimani, na usafiri uliobaki kijijini ni pikipiki ya marehemu Wamalwa, shemeji yake. Nayo cheni yake ilikuwa imekatika.

"Nitafia humu ndani, mama," Naliaka alisema.

"Koma! Hufi," Mama Nafula akamjibu, akatoka na kamba.

Aliinyoosha ile cheni kuukuu uani, akaanza kuipima kwa kamba. Mara sauti ikatoka nyuma ya ukuta, na Naliaka aliisikia kutoka kitandani: "Mama, hiyo imechakaa, imerefuka. Itakudanganya. Hesabu pingili." Ilikuwa sauti ya Wamalwa, ambaye walikuwa wamemzika kabla ya mavuno. Mama Nafula akaitupa kamba, akahesabu pingili moja moja huku machozi yakimtoka. Zilikuwa mia moja na kumi na nane. Akampa Barasa hesabu hiyo, pamoja na pingili moja iliyofunguka, ili apatie na unene.

Barasa akateremka mbio, akavuka mto juu ya gogo. Dukani akaletewa cheni. Akaiweka ile pingili juu yake, ikakataa kulala sawasawa.

"Cheni za pikipiki zote ni hizo hizo, bwana," muuzaji akasema.

"Hizo hizo kwako. Lete nyingine."

Akapata iliyolingana, akazihesabu pingili zake mwenyewe, akaivaa shingoni. Kwenye gogo akateleza, na uzito wa cheni ukamvuta majini. Mkono ukamshika ukosi, ukamsimamisha. Alipogeuka hakuona mtu. Makokha, baba yake, alikufa maji pale pale, na hadi leo mwili wake haujapatikana uzikwe. Barasa alifika nyumbani ukosi umeraruka, na hakutaka kuulizwa.

Lutomia akaipitisha cheni kwenye gia zake, akafunga kiungio, akageuza mdomo wa kibanio uangalie nyuma ili kisifyatuke njiani. Akampakia Naliaka, na Mama Nafula akamshika kwa nyuma. Hawajafika mbali ukungu ukawafunika, njia haionekani, na kando yake kuna genge. Ndipo wakasikia mtoto mchanga akilia mbele yao. Naliaka akajishika tumbo kwa hofu.

"Tumfuate," Lutomia akasema. "Huyo namjua."

Mwanawe wa kwanza alikufa siku ya kuzaliwa, kwa kukosa wa kumpeleka mama yake zahanati. Walikuwa wamemchagulia jina, Sikuku, na hawakuwahi kulitamka mbele ya watu. Kile kilio kikawaongoza kona baada ya kona mpaka kwenye taa za zahanati, kisha kikanyamaza.

Mtoto wa Naliaka akazaliwa, mvulana mzima, analia. Kwao mtoto asiyenyamaza hutajiwa majina ya marehemu. Akilipenda moja hutulia na kunyonya.

"Wamalwa," Mama Nafula akaita. Mtoto akatulia. Akapewa ziwa, akalia.

"Makokha," akaita Barasa, aliyekuwa amepanda mlima kwa miguu. Mtoto akamshika ukosi, akatulia. Akapewa ziwa, akalia.

"Sikuku," Lutomia akanong'ona. Mtoto akatulia, akatazama mlangoni. Akapewa ziwa, akalia, na sauti sasa ilikuwa inakauka.

"Chagueni moja mshike hilo," nesi akasema. "Asiponyonya, atatutoka huyu."

"Bila hesabu ya mwanangu mngenunua nini?" Mama Nafula akauliza.

"Na hesabu hiyo ingevuka mto yenyewe? Baba yangu hana hata kaburi, mama!"

Lutomia hakubishana. Alisema tu, "Wenu waliitwa maisha yao yote."

Naliaka aliogopa kuliko alivyoogopa uchungu. Nje ya dirisha aliwasikia wote watatu: mwanamume aliyekuwa akiita "mama", nguo zilizokuwa zikichuruzika maji, na kichanga kikilia polepole. Yule ambaye yeye, mama mzazi, atamtaja, ndiye atakayeingia kwa mtoto. Wawili watabaki pale pale nje, na ni yeye Naliaka watakayemfuata nyumbani.

Na msiniambie ampe yote matatu. Alijaribu, mtoto akazidi kulia. Wewe pale nyuma, usitazame chini, nakuona! Mtoto yuko mikononi mwa mama yake, sauti imeisha, kinywa ki wazi. Mama naye amefungua kinywa.

Haya, semeni upesi: ungekuwa Naliaka, ungemwita nani?